Sura ya Sita: Chongo, Miwani na Usukani wa Lori

Je, mtu mwenye jicho moja anaweza kuendesha lori la mizigo?

Vijana wanaopanda malori kama utingo huliuliza swali hili waziwazi. Madereva waliovuka miaka hamsini, walioanza kuona taa za magari zikisambaa kama ziko nyuma ya ukungu, huliuliza kwa sauti ya chini. Mara nyingi hata husema wanamuulizia rafiki.

Mnyuzi, wilayani Korogwe, ni mahali pazuri pa kuanzia kulijibu. Reli ya Tanga inapita hapo, na tangu 1963 ndipo inapoungana na njia inayotoka Ruvu kwenye Reli ya Kati. Kwa barabara, Segera haiko mbali. Hapo ndipo barabara ya kutoka Chalinze inapogawanyika: moja inakwenda Hale, Muheza na Tanga, nyingine Korogwe, Mombo, Same na Moshi. Usiku kucha malori hayakomi. Kijana anayekulia maeneo haya ana mkonge, shamba, bodaboda na lori mbele yake, na wengi hulitazama lori kwanza.

Lakini njia ya kufika kwenye usukani wa semitrela ni ndefu. Leseni yake ni ya daraja E, na kabla ya kuiomba unatakiwa uwe umeshika daraja D kwa muda usiopungua miaka 3. Ongeza hapo miaka ya utingo, ya kukaza maturubai, kupiga nyundo matairi na kulala chini ya trela kulinda mzigo. Sasa mwambie kijana huyo kwamba jicho lake la kushoto, lililochomwa na ncha ya jani la mkonge akiwa mtoto, ndilo litakalomkwamisha. Atakuuliza swali la haki kabisa: mbona miaka yote hii naona vizuri tu?

Sura hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya tajiri anayempa funguo.

Macho yanapimwa nini hasa?

Wengi wanadhani kupima macho ni kusoma herufi zilizobandikwa ukutani basi. Hiyo ni sehemu moja tu. Nchi nyingi zinazopima madereva wa malori huangalia mambo matatu:

- *Ukali wa kuona*, yaani uwezo wa kutambua kitu kidogo kilicho mbali.
- *Upana wa kuona*, yaani eneo unaloliona pembeni, juu na chini huku umekaza macho mbele.
- *Rangi*, hasa nyekundu, kijani na njano za taa za barabarani.

Ukali wa kuona ndio unaoandikwa kwa namba zinazowachanganya watu: 6/6, 6/12, 6/60. Zimetokana na chati ya Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi aliyeitoa mwaka 1862. Namba ya kwanza ni umbali uliosimama wewe kutoka kwenye chati, kwa mita. Ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho mazuri angesimama na bado akasoma herufi hizo. Ukiambiwa una 6/12, maana yake herufi unayoisoma ukiwa mita 6, mwenzako mwenye macho mazuri anaisoma akiwa mita 12. Wamarekani hupima kwa futi, kwa hiyo 6/12 yetu wao huiita 20/40.

Upana wa kuona hupimwa kwa nyuzi, kama zile za pembe tulizochora shuleni. Mtu mwenye macho mawili mazima huona takriban nyuzi 180 kwa ulalo, yaani kutoka bega hadi bega.

Kuhusu rangi, historia yake inaanzia relini. Mwaka 1875 treni mbili ziligongana Lagerlunda, Sweden, watu tisa wakafa. Profesa mmoja, Frithiof Holmgren, alidai kwamba chanzo ni mtumishi wa reli asiyetofautisha nyekundu na kijani, akabuni kipimo cha kuchambua nyuzi za sufu za rangi mbalimbali. Wapo waliokuja kuyatilia shaka maelezo yake ya ajali ile. Kipimo hata hivyo kilikwishasambaa kwenye mashirika ya reli, na baadaye kupima rangi kukaingia kwenye udereva wa magari pia.

Hesabu ya lori lililobeba mzigo

Kwa nini dereva wa lori adaiwe zaidi ya mwenye gari dogo? Tuchukue kalamu.

Mwendo wa juu wa magari makubwa kisheria nchini Tanzania ni kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Kwa kilomita 80, lori linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akiona hatari, akili yake na mguu wake vinahitaji kama sekunde moja na nusu kabla breki hazijaanza kushika. Hapo mita 33 zimeshapita. Lori lililojaa, lenye matairi mazima, kwenye lami kavu, linahitaji mita nyingine 60 hivi ndipo lisimame. Jumla ni zaidi ya mita 90. Panga semitrela tano mstari mmoja, pua kwa mkia, uone umbali huo ulivyo.

Sasa weka kibao cha 50 mbele, chenye tarakimu zenye urefu wa sentimita 30 hivi. Mwenye 6/6 anazisoma akiwa mita 200. Mwenye 6/12 atazisoma akiwa mita 100. Nafasi inabaki, ingawa ni finyu. Mwenye 6/24 atazisoma akiwa mita 50, na hapo hesabu imeshakataa. Ni kweli kwamba ataona umbo la kibao mapema kidogo, na kama ni mwenyeji wa njia atakikumbuka. Ila ng'ombe hawana kibao, wala mtoto anayekimbilia mpira. Na lori lililoharibika usiku, lililowekewa matawi ya miti barabarani badala ya viakisi mwanga, halikumbukwi na mtu kwa sababu jana halikuwepo.

Namba ya 6/12 inajirudia katika sheria za nchi nyingi. Hesabu hii inaonyesha faida yake.

Jicho moja linapoteza nini, na halipotezi nini

Hapa ndipo maneno ya vijiweni yanapoachana na ukweli. Mtu aliyepoteza jicho moja hapotezi nusu ya kuona. Jicho lililobaki huona kama nyuzi 150. Kinachokosekana ni ukanda wa pembeni kabisa, upande wa jicho lililokufa, ambako pua inaziba.

Kwetu tunaendesha kushoto, na dereva anakaa kulia. Aliyepoteza jicho la kushoto anapungukiwa upande wa ukingo wa barabara: waenda kwa miguu, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, bodaboda anayejipenyeza kushoto, na saiti mira ya kushoto ambayo tayari iko mbali na kiti chake. Aliyepoteza la kulia anapungukiwa upande wa magari yanayomuovateki. Wote wawili wana dawa moja, kugeuza kichwa, na waliozoea hufanya hivyo bila kujijua.

La pili ni kukadiria umbali. Macho mawili husaidiana kupima umbali wa vitu vya karibu. Kwa vitu vya mbali, ubongo hutumia mambo mengine: ukubwa wa kitu, kivuli chake, jinsi kinavyosogea, kipi kinaziba kipi. Kwa hiyo mwenye jicho moja hupata shida zaidi anaporudi nyuma kwenye geti la ghala au kuunganisha trela kuliko anapokuwa katika barabara iliyonyooka ya Mkomazi.

Tofauti kubwa iko kwenye muda. Aliyepoteza jicho akiwa na miaka sita, akakua hivyo, ubongo wake umeshajipanga. Aliyelipoteza mwezi uliopita atamwaga chai nje ya kikombe, atakosa ngazi, na hafai kushika usukani wa lori hata kidogo mpaka azoee. Sheria nzuri lazima iwatofautishe hawa wawili. Ilichukua Marekani miaka thelathini kulimaliza hilo.

Kesi ya dereva wa Portland

Sheria ya Marekani kwa malori yanayovuka mpaka wa jimbo ilisema hivi: kila jicho peke yake lifikie 20/40 (6/12 yetu), kwa miwani au bila miwani, kila jicho lione angalau nyuzi 70 kwa ulalo, na dereva atambue nyekundu, kijani na njano. Zingatia maneno *kila jicho*. Mwenye chongo alikuwa nje hata kabla ya kufungua mdomo.

Kulikuwa na kichekesho ndani yake. Majimbo kadhaa yaliwaruhusu madereva hao kuendesha malori ndani ya mipaka yao. Mtu angeweza kupeleka mzigo kwa miaka kutoka mji hadi mji wa jimbo lake, ila asivuke daraja kuingia jimbo la jirani, kana kwamba jicho lilikufa mpakani.

Mwaka 1992 serikali ya shirikisho ilianzisha mpango wa msamaha: madereva wenye jicho moja zuri na rekodi safi waruhusiwe huku wakifuatiliwa. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa iliutengua, ikasema hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba usalama hautapungua. Zaidi ya madereva 2,000 walikuwa wameshaingia, na kuanzia 1996 wakaruhusiwa kuendelea kwa masharti.

Wakati huohuo Hallie Kirkingburg, dereva wa kampuni ya Albertson's mjini Portland, jimbo la Oregon, alikuwa mahakamani. Jicho lake la kushoto lilikuwa na 20/200 kutokana na hali inayoitwa jicho vivu: jicho lenyewe zima, lakini ubongo haukujifunza kulitumia tangu utotoni. Aliajiriwa 1990, na daktari akamwandikia kimakosa kwamba anatimiza masharti. Akaendesha. Mwaka 1992, aliporudi kazini baada ya kuumia, alipimwa upya, kosa likagundulika, akafukuzwa. Alipata msamaha wa serikali, lakini kampuni ikakataa kumrudisha. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Juni 1999 majaji waliipa kampuni ushindi: mwajiri ana haki ya kushikilia kiwango cha msingi cha sheria hata kama serikali imetoa msamaha wa majaribio. Hata hivyo majaji walikubali kwamba ubongo wake ulikuwa umejifunza kufidia upungufu wa jicho.

Binafsi naona hukumu ile ilikuwa sahihi kwa sheria na kali kwa mtu. Kosa la kwanza lilikuwa la kalamu ya daktari, na aliyelipia ni dereva.

Baada ya hapo ukaja utaratibu wa kuomba msamaha mmoja mmoja. Dereva alitakiwa kuonyesha miaka 3 ya kuendesha lori kwa usalama akiwa na upungufu uleule, na jina lake likatangazwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Hatimaye, Machi 2022, kanuni mpya ilianza kutumika na msamaha ukageuka kuwa njia ya kawaida. Karibu madereva 2,000 waliokuwa na msamaha walipewa mwaka mmoja kuhamia kwenye utaratibu mpya. Masharti yake, kwa lugha nyepesi, ni haya:

- Jicho zuri lifikie 6/12 na lione nyuzi 70.
- Dereva atambue rangi tatu za taa.
- Hali ya jicho bovu iwe imetulia, na muda wa kutosha umepita wa kuizoea.
- Mtaalamu wa macho ampime kila mwaka na kuandika ripoti.
- Mwajiri ampime barabarani, kwenye lori, kabla ya kumkabidhi kazi.

Waafrika Mashariki wengi wanaendesha matrela kule, na anayepanga kwenda kuitafuta kazi hiyo aijue kanuni hii kabla ya kulipa ada ya shule ya udereva.

Si kila nchi imefuata. Uingereza, dereva wa gari dogo lazima asome namba ya gari kwa mita 20 na afikie 6/12. Dereva wa lori anatakiwa kuwa na 6/7.5 kwenye jicho zuri na angalau 6/60 kwenye dhaifu. Mwenye chongo kamili hapati leseni ya lori, isipokuwa kundi dogo la waliokuwa na leseni na kujitangaza kabla ya Januari 1991.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* kuhitaji miwani hakumnyimi mtu lori popote kati ya nchi hizi mbili. Jicho moja limekubaliwa Marekani kwa masharti na kukataliwa Uingereza. Na nchi zote mbili zinaanza kwa kupima.

Msamaha wetu wa kimyakimya

Hapa nyumbani mlolongo wa leseni unafahamika: shule ya udereva, mtihani wa askari wa usalama barabarani, kisha TRA inachapa kadi. LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ina kazi ya kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Vyuo kama NIT na VETA vinafundisha. Milango ipo ya kutosha. Swali langu ni kuhusu kinachotokea katikati, katika miaka kati ya kadi moja na nyingine.

Mtazame dereva wa makamo anayekaribia Korogwe jioni, jua likiwa limemwingia usoni. Anakunja uso, anashusha kikinga jua, halafu anamwambia utingo, "Niangalizie, pale wameandika ngapi?" Utingo anasoma. Safari inaendelea. Huo ndio msamaha wetu. Hakuna daktari aliyeutoa, hakuna tarehe ya kwisha, na sharti lake pekee ni kwamba utingo asisinzie.

Upo wa aina nyingine pia. Kuna anayekataa safari za usiku akisingizia mgongo. Kuna anayemsukumia deiwaka kipande cha Segera hadi Chalinze, akijua kwamba taa za full za mabasi zinamwacha kipofu kwa sekunde kadhaa. Na kuna anayekariri herufi za chati kutoka kwa aliyetangulia kwenye foleni. Siwalaumu kama wahuni. Wanaogopa kwamba neno "miwani" likifika kwa tajiri, funguo zinahamia kwa mwingine.

Uchungu wake ni kwamba wengi wanaficha kitu chenye dawa. Baada ya miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa na mtu kushindwa kuona karibu. Ni uzee wa kawaida, na miwani ya kusomea inatosha kwa karatasi za mzigo. Asiyeona mbali naye anahitaji lenzi zake tu. Mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyopata ukungu, hutolewa kwa upasuaji na kuwekwa lenzi ya bandia.

Ugonjwa ninaouogopa zaidi kwa dereva ni presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Hauumi. Hula ukanda wa pembeni kidogo kidogo huku katikati kukibaki safi, kwa hiyo mgonjwa anasoma chati yote vizuri, anapongezwa, anaondoka. Bodaboda ndiye anayetoweka. Kilichopotea hakirudi; dawa huzuia kisiendelee. Kisukari nacho huharibu mishipa ya ndani ya jicho, na dereva anayeishi kwa chipsi na soda za vituoni ana kila sababu ya kupima sukari.

Vitu viwili viepukwe. Cha kwanza ni miwani ya njano inayouzwa kama "miwani ya usiku": utafiti haujaonyesha kwamba humsaidia dereva kumwona mwenda kwa miguu, na lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga unaoingia. Cha pili ni matone ya macho yanayonunuliwa dukani kwa kuelekezana. Baadhi yana dawa za kundi la steroidi, ambazo zikitumika kwa muda mrefu bila daktari zinaweza kuleta hiyohiyo presha ya macho.

Unaweza kujipima wapi, leo

Simama nyuma ya gari lililoegeshwa mchana, hesabu mita 20, ambazo ni urefu wa semitrela na hatua tatu nne. Soma namba. Kisha ziba jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza, usome tena. Badilisha. Watu wengi hugundua hapo kwa mara ya kwanza kwamba jicho moja limekuwa likibebwa na jingine. Kipimo hiki hakigundui glakoma wala hakichukui nafasi ya hospitali. Kinakuambia tu kama usubiri au uende leo.

Ukishindwa, anza na kitengo cha macho cha hospitali ya wilaya. Kwa mambo makubwa zaidi zipo hospitali ya mkoa ya Bombo jijini Tanga, KCMC mjini Moshi na CCBRT jijini Dar es Salaam. Mwombe mpimaji akuandikie namba za kila jicho, na umwambie kwamba unaendesha lori ili akupime na upana wa kuona pia. Kama una jicho moja, uliza ofisi ya usalama barabarani kabla ya kulipa ada ya shule, na uende na karatasi hiyo mkononi.

Na wewe tajiri: unalipa mafuta, matairi, bima na mizani kila safari bila kulalamika sana. Mpeleke dereva wako apimwe macho mara moja kwa mwaka, umnunulie miwani kama inahitajika, na umtamkie kabla hajaingia kwa daktari kwamba miwani haitamnyima kazi. Usipomwambia hivyo kwanza, atakariri chati.